Mtoto wa chatu ametoa pua tangu juzi, hatoki: nikate ganda?

"Shikamoo daktari. Nafanya kazi kwenye bustani ya nyoka yenye kibali. Chatu wetu alitaga mayai 31. Tuliyahamishia kwenye mashine ya kutotolea vifaranga vya kuku, tukazima ile sehemu ya kugeuza mayai, joto tukaweka nyuzi 31 hadi 32. Umeme ulikatika mara kadhaa. Siku ya 68 mayai ya kwanza yakachanika. Leo ni siku ya tatu: 22 wameshatoka salama, wanne wamechana ganda ila hawatoki, na mmoja wao ametoa pua tu tangu juzi asubuhi. Mwingine ametoka na utumbo unaning'inia tumboni, mwenzangu anataka kuukata kwa wembe. Mayai manne hayana hata mpasuko, moja limebonyea sana. Mwenzangu amefuga kuku miaka mingi, anasema tuyapasue yote leo leo kwa sababu kifaranga asiyetoka ndani ya siku moja hufa. Mimi naogopa. Tufanye nini? Na hawa waliotoka tuwape maziwa au mayai mabichi?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujasoma aya ya pili, mwambie mwenzako aweke wembe chini. Kinachoning'inia kwenye tumbo la yule mtoto, kwa maelezo yako, karibu hakika si utumbo. Ni mfuko wa kiini: ule unjano wa yai uliomlisha wakati wote alipokuwa ndani, na bado umeunganishwa naye kwa mishipa ya damu inayoingia kitovuni. Mtoto wa chatu aliyeanguliwa leo ana damu ambayo yote haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Ukikata mishipa hiyo karibu na tumbo, anaweza kuisha mkononi mwako kabla hujapata pamba.

Hakikisha kwanza kwa macho. Mfuko wa kiini ni wa njano au rangi ya chungwa, una mishipa myekundu iliyotandaa juu yake, na unatokea kwenye mpasuko mdogo katikati ya magamba ya tumbo, kwenye nusu ya nyuma ya mwili lakini mbele ya tundu la haja. Hapo ndipo kitovu cha nyoka kilipo. Utumbo uliotoka ni kitu kingine: ni wa waridi, umelowa, na unatokea kwenye tundu la haja lenyewe, pale mkia unapoanzia. Ukikuta hilo la pili, acha kusoma umpigie daktari wa mifugo sasa hivi.

Ikiwa ni kiini, mtenge. Wenzake 22 wakimpandia juu watauchana mfuko bila wewe kujua. Mweke peke yake kwenye boksi dogo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, chini utandike tishu nyeupe isiyo na manukato, uilowanishe kwa maji ya dripu ya chumvi yale yanayouzwa duka la dawa, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie mchanga wala maranda ya mbao, vitagandamana na mfuko. Boksi lirudi kwenye joto la nyuzi 29 hadi 31, gizani, na tishu isikauke. Usijaribu kuusukuma mfuko urudi ndani kwa kidole. Ukipasukia ndani ya tumbo, kile kiini kinaoza humo humo, na uambukizo wa namna hiyo ni mgumu kuutibu kwa mnyama mdogo kiasi hiki.

Kitakachofuata kinategemea ukubwa. Kama kilichobaki nje ni kidogo, tuseme punje ya maharage, mara nyingi ndani ya siku mbili mpaka nne huingia chenyewe au hukauka kikakatika kama kitovu cha mtoto mchanga. Kama ni kikubwa kuliko kichwa chake, au kimeanza kuwa kigumu, cha kijani au kinanuka, hiyo ni kazi ya daktari leo, si kesho. Daktari atafunga mishipa kwa uzi wa kushonea karibu na ngozi, atakata upande wa nje wa fundo, na pengine atampa dawa ya kuzuia uambukizo. Mtoto aliyekatwa hivyo hukosa akiba yake ya chakula, kwa hiyo wengine huponea na wengine hudhoofika. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Sasa hao wanne walioweka pua nje. Mwenzako anaongea anachokijua, na kwa kuku hoja yake ina msingi. Yai la kuku lina chumba cha hewa upande wa butu. Kifaranga hutoboa kwanza humo, akaanza kupumua kabla hata hujaona ufa kwa nje. Kwa hiyo anapovunja ganda kazi nyingi imekwisha, na saa 24 ni muda wa haki wa kuanza kuwa na wasiwasi. Yai la chatu halina chumba hicho. Ganda lake ni laini, la ngozi, limejaa kila pembe. Mtoto wa chatu huvuta hewa yake ya kwanza siku anayochana ganda, na ndiyo kwanza kazi inaanza.

Ganda analichana kwa jino dogo lililochomoza mbele ya taya la juu, ambalo hudondoka siku chache baadaye. Hupitisha kichwa kushoto na kulia, ndiyo maana unaona mipasuko miwili mitatu iliyonyooka badala ya tundu. Mpaka dakika hiyo alikuwa akipata oksijeni kupitia utando wenye mishipa uliojibandika upande wa ndani wa ganda. Akishatoa pua, mambo yanakwenda kwa pamoja: mapafu yanafunguka na kuondoa maji, damu iliyokuwa kwenye ule utando inarudi mwilini kidogo kidogo, na kiini kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni, kisha kitovu kinafunga. Wakati haya yanaendelea mtoto hakai kwa uvivu wala hajakwama. Amepumzika kwa sababu mwili wake bado umefungwa kwenye yai kwa mishipa iliyo hai.

Kwa chatu, saa 24 hadi 48 za kukaa hivyo ni kawaida kabisa, na siku tatu si ajabu mradi anaonekana mwenye uhai. Ukimvuta katika muda huo unafanya mwenyewe kile kinachokutisha kwa yule wa kwanza: unamtoa kabla kiini hakijaingia. Sijui mlimshika au alitoka mwenyewe, na sikuulizi ili kukusuta, ila kama kuna mtu alimsaidia kwa kumvuta mkia, basi sababu tumeshaipata.

Namna ya kujua kama yule wa juzi asubuhi yuko sawa ni hii. Zima taa, kaa kimya dakika kadhaa, kisha mulika kwa mbali. Mtoto mzima huchungulia, hutoa ulimi, na akikuona hurudisha kichwa ndani kwa haraka. Nyie mnaona amekwama kumbe anawakimbia. Kila mnapofungua mashine kumwangalia mnamrudisha ndani tena, na hewa yenye unyevu inatoka. Angalieni mara mbili kwa siku, inatosha. Akiwa hajarudi nyuma, mguse pembeni ya taya kwa kijiti cha pamba ya masikio kilicholowa. Akijikunja au kuvuta pumzi kwa nguvu, mwacheni.

Dalili za kuingilia kati ni hizi: kichwa kimelala nje ya mpasuko kimelegea, anapanua mdomo akitafuta hewa, au ute uliotoka naye umekauka ukawa gundi shingoni na puani. Hili la kukauka linanitia shaka zaidi kwenu, kwa sababu nitakayoeleza mbele. Dawa yake ni maji, si mkasi. Dondosha maji ya dripu yenye uvuguvugu kwenye kingo za mpasuko na shingoni, tone kwa tone, bila kuelekeza puani. Funika yai kwa tishu iliyolowa, rudisha kwenye joto, subiri saa mbili. Ute ukilainika, wengi hujinasua wenyewe. Ikifika kesho asubuhi, yaani saa 72 tangu atoe pua, na bado ana uhai lakini hasogei, hapo mnaweza kurefusha ule mpasuko wake kwa sentimita moja kwa mkasi wa ncha butu, mkikata ganda peke yake. Mnampanulia mlango tu. Kutoka atatoka mwenyewe.

Mayai manne yasiyo na mpasuko ndiyo yenye mjadala wa kweli, na wataalamu hawakubaliani. Wafugaji wengi wa Marekani na Ulaya wanaozalisha chatu mdogo wa Afrika Magharibi hukata mayai yote wenyewe, mara nyingi karibu na siku ya 55, wengine kabla hata mtoto mmoja hajachana. Nia mara nyingi ni kuona rangi mapema, maana rangi adimu ndiyo pesa yao. Watoto wao wengi wanapona, sikatai. Lakini wao mashine zao hazipandi wala kushuka hata nusu nyuzi, na wanajua siku ya kutotolewa kwa uhakika. Nyie umeme umekatika. Joto likishuka, mtoto ndani ya yai hukua polepole, na mayai yaliyokuwa pembeni mwa mashine yamepoa kuliko ya katikati. Siku ya 70 kwenye kalenda yenu inaweza kuwa siku ya 66 kwa yai lile la kona. Mkilipasua leo mnamtoa njiti. Kwa hiyo mimi nawashauri msubiri: mayai ya uzao mmoja kwa kawaida hupasuka ndani ya siku moja hadi tatu, basi yapeni mpaka kesho kutwa.

Wakati mnasubiri, yamulikeni kama mwenzako anavyomulika ya kuku. Chumba kiwe na giza, tochi ya simu iguse ganda, na yai lisigeuzwe. Weka alama ya penseli upande wa juu ili lirudi vilevile. Yai lenye mtoto hai katika hatua hii ni zito, jeusi karibu lote, na pembeni mwa lile giza huonekana mishipa. Ukiwa mvumilivu utaona kitu kikisogea. Yai viza hupitisha mwanga wa njano au kahawia, halina mishipa, mara nyingi lina ukungu na harufu.

Lile lililobonyea lisiwatishe kwa kubonyea tu. Mayai ya chatu hubonyea karibu na mwisho. Likibonyea huku ni safi na lina mishipa, liacheni. Likibonyea, linatoa maji ya kahawia na kunuka, litoeni lisichafue mengine.

Kesho kutwa, kwa yai ambalo mmeona uhai na bado halijachanika, dirisha dogo ni halali. Nawa mikono, vaa glavu, chemsha mkasi mdogo wa kucha na kibano dakika 10. Chagua sehemu ya juu ya yai ambako tochi haikuonyesha mshipa mnene. Inua ganda kwa kibano ili liachane na utando, kata kipande cha ukubwa wa punje ya mhindi, halafu simama. Angalia chini yake. Ukiona mishipa imejaa damu nyekundu inayong'aa, mtoto hajawa tayari: funika kwa tishu iliyolowa, rudisha yai, usilifungue tena mpaka siku inayofuata. Ukiona utando mweupe na mishipa iliyosinyaa, amemaliza na ameshindwa tu kuchana. Toboa utando kati ya mishipa, karibu na pua, ili apate hewa, na kazi yako imeishia hapo. Damu ikitoka matone mawili matatu, gandamiza kwa pamba safi dakika tano bila kuchungulia. Ikiendelea kutiririka, ni daktari.

Nawaomba sana msiyatupe mayai yatakayokufa bila kuyafungua. Mtoto aliyekamilika, kiini kimeshaingia tumboni, jino liko mahali pake, lakini ganda halina mkwaruzo: mara nyingi ganda lilikauka likawa gumu mno, au alidhoofu. Mtoto mwenye uti wa mgongo uliopinda vibaya: fikiria kwanza joto lililopanda kupita kiasi, ingawa kuna wanaozaliwa hivyo kwa urithi. Yai limejaa maji na limevimba: lililowa mno. Andika kila kimoja kwenye daftari pamoja na mahali yai lilipokuwa ndani ya mashine.

Na hiyo mashine ndiyo ninayoishuku. Imetengenezwa kwa ajili ya kuku, ambao wanataka nyuzi 37 na nusu na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, huku feni ikipuliza muda wote. Mayai ya chatu yanataka unyevu wa asilimia 90 na zaidi, bila upepo juu yake. Mlivyozima kifaa cha kugeuza mlifanya sahihi kabisa, kwa maana mtoto wa nyoka hujishikiza upande wa juu wa yai na hapendi kugeuzwa. Lakini feni imeendelea kuyakausha kwa wiki kumi. Safari nyingine yawekeni ndani ya boksi la plastiki lililofungwa, lenye matundu machache, yakiwa yamezama nusu kwenye vamikulaiti (chembe za madini mepesi yanayoshika maji) au mchanga mnene uliolowa lakini usiotoa maji ukiukamua, kisha boksi zima ndilo liingie kwenye mashine. Mkiona unyevu unapungua, ongezeni maji kwenye mchanga, msinyunyizie mayai. Kipimajoto kikae ndani ya boksi, kwenye kimo cha mayai, msiamini namba ya mlangoni. Chupa kadhaa za maji zikijazwa na kuwekwa humo pembeni zitashikilia joto umeme ukikatika. Na mjue kwamba baridi ya saa chache ina madhara madogo kuliko joto la ziada: nyuzi 35 zinaharibu haraka kuliko nyuzi 26.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kumwachia mama. Huyu chatu wetu wa Tanzania ya kati na kusini huatamia mwenyewe. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia Afrika Kusini wakiwa kwenye mashimo ya muhanga, na matokeo yake yalitoka mwaka 2018: jike hubadilika rangi akawa karibu mweusi, hutoka kuota jua mpaka mwili uwe moto, kisha hurudi kuyazungushia mayai joto hilo, na baada ya watoto kutoka hubaki nao karibu wiki mbili. Kwa bustani yenye wageni wanaogonga vioo kutwa nzima sishauri, mama atasumbuka na atawarukia mnaposafisha. Lakini mkiwa na banda tulivu la nyuma, lenye jua na shimo, ni jambo la kuzungumza na bosi wenu.

Kuhusu daktari: usikate tamaa ukisikia yule wa wilaya hajawahi kushika nyoka. Kufunga kitovu kinachovuja ameshafanya kwa ndama na mbwa, kanuni ni ileile; wewe mshikie mnyama, yeye afunge. Anaweza kuwapigia wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, akashauriwa kwa simu. Mwiteni kwa damu isiyokatika, kiini kikubwa au kinachonuka, kiini kilichomviringa mtoto mwilini kikambana, na utumbo uliotoka kweli. Watoto 22 wapya nao waandikwe na mamlaka iliyowapa kibali ijulishwe, kwa kuwa chatu wote wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Tahadhari moja ambayo hukuiuliza. Haya yote ni ya chatu, asiye na sumu. Kwa mayai ya swila au koboko msithubutu kupeleka vidole kwenye mpasuko, kwani mtoto wao ana meno na sumu inayofanya kazi tangu akiwa bado nusu yake imo ndani ya ganda.

Maziwa hapana, mayai mabichi hapana. Nyoka hanyonyi, na tumbo lake halikuumbwa kwa maziwa. Hawa waliotoka wameingia duniani na kiini tumboni, wanakitumia sasa hivi. Wapeni maji safi kwenye sahani isiyo na kina na mahali pa kujificha. Baada ya wiki moja au mbili watajivua gamba la kwanza, na hapo ndipo mtawajaribu kwa panya mdogo ambaye unene wake haupiti sehemu nene ya mwili wa mtoto. Asiyekula mara ya kwanza ajaribiwe tena baada ya siku tano au sita. Yule mwenye kiini asipewe chochote mpaka kitovu kiwe kikavu na kimefunga kabisa, hata kama wenzake watakuwa wameshakula mara mbili.